Maumivu miguuni, chanzo mgongoni: kisa cha José María Olazábal

Mwaka 1996, nyumbani kwake Hondarribia, mji mdogo wa Wabaski kaskazini mwa Hispania, mwanamume wa miaka 30 alikuwa akitambaa kutoka kitandani hadi chooni. Natumia neno kutambaa kwa maana yake kamili: mikono na magoti sakafuni, kama mtoto ambaye bado hajasimama dede. Miguu ilikuwa haikanyagiki. Mtu huyo alikuwa José María Olazábal, na miaka miwili tu nyuma alikuwa amevishwa koti la kijani la bingwa wa Masters, moja ya mashindano makubwa ya gofu duniani, kule Augusta, jimbo la Georgia, Marekani.

Aprili 1999 alivishwa koti hilo kwa mara ya pili.

Wapenzi wa gofu hukisimulia kisa hiki kama muujiza. Nimekisoma na kukisikia kikisimuliwa hivyo mara nyingi, na kila mara naona tunapoteza sehemu yake yenye faida zaidi. Ukisema muujiza, umefunga mjadala. Olazábal aliinuka kwa sababu zinazotajika: kuna mtu aliyeuliza upya swali ambalo wengine walidhani limekwisha jibiwa, na kuna aina ya gofu aliyoilea tangu utotoni ambayo haikutegemea nguvu ya mwili peke yake. Hayo mawili ndiyo nataka kuyafungua hapa, na nitayafungua polepole, maana moja bila la pili lisingemrudisha Augusta.

Tuanze na alikotoka. Olazábal alizaliwa tarehe 5 Februari 1966 katika nyumba iliyo kando ya uwanja wa gofu wa Jaizkibel, na uwanja wenyewe ulikuwa umefunguliwa siku moja tu kabla yake. Baba yake, Gaspar, alikuwa mtunza nyasi wa uwanja huo. Kwa hiyo mtoto huyu hakuingia kwenye gofu kwa mlango wa wanachama. Aliingia kwa mlango wa mfanyakazi, mlango uleule waliopitia vijana wengi wa Hispania wa kizazi kilichomtangulia, waliobeba mikoba ya matajiri na kupiga mipira ya kuokota jua likizama. Alianza kugusa fimbo akiwa na umri wa miaka miwili hivi.

Jambo hili lina uzito katika uchambuzi. Mtoto wa miaka minne au mitano hawezi kuutupa mpira mbali. Anachoweza ni kucheza karibu na shimo: kuuinua mpira kidogo, kuubingirisha, kuutoa mchangani, kujua majani yamelalia wapi na ardhi imeinama upande gani. Anayelelewa na mtunza nyasi huijua grini, lile eneo la nyasi fupi sana linalozunguka shimo, kama mwana wa mvuvi anavyoyajua maji. Mikono ya Olazábal ilifundishwa mapema, kabla hajawa na mabega.

Matokeo yalionekana haraka. Mwaka 1983 alitwaa ubingwa wa Uingereza wa wavulana. Mwaka 1984 akatwaa ule wa wachezaji wa ridhaa, na katika fainali alimfunga Mskoti aliyeitwa Colin Montgomerie, ambaye baadaye naye angekuwa jina kubwa Ulaya. Mwaka 1985 akachukua ubingwa wa vijana. Mwaka 1986 alianza kucheza kama mchezaji wa kulipwa na kushinda mara mbili katika msimu wake wa kwanza. Mwaka 1990, kwenye World Series of Golf huko Firestone, jimbo la Ohio, alifungua kwa mikwaju 61 siku ya kwanza (katika gofu, mwenye mikwaju michache ndiye mshindi) na kumaliza akiwa mbele kwa mikwaju 12. Kushinda kwa tofauti ya 12 dhidi ya wachezaji bora wa dunia si jambo la kila mwaka. Wala si la kila muongo.

Mwaka 1991 alifika shimo la mwisho la Augusta akiwa sawa na Ian Woosnam wa Wales, akapoteza mkwaju mmoja pale, yaani alitumia mmoja zaidi ya kiwango cha shimo hilo, na ubingwa ukaenda. Mwaka 1994 alirudi akashinda kwa mikwaju 279, miwili mbele ya Mmarekani Tom Lehman. Asubuhi ya siku ile ya mwisho alikuta karatasi kwenye kabati lake, imeandikwa na Seve Ballesteros, ikimhimiza awe na subira na akumbuke kuwa yeye ndiye bora duniani.

Ballesteros hawezi kutajwa kwa kupita tu. Alikuwa mtoto wa Pedreña, pwani ileile ya kaskazini, bingwa wa Open ya Uingereza mara tatu na wa Masters mara mbili. Na wasomaji wa Kenya watakumbuka kwamba mwaka 1978 alishinda Kenya Open pale Muthaiga, Nairobi, akiwa hajatimiza miaka 21. Kwa Olazábal alikuwa kaka mkubwa. Katika Kombe la Ryder, ambapo Ulaya hukabiliana na Marekani, wawili hao walicheza pamoja mechi 15: walishinda 11, wakatoka sare mbili, wakafungwa mbili. Hakuna jozi nyingine iliyowahi kushinda mechi nyingi hivyo katika kombe hilo. Nguvu yao haikuwa kupiga mbali. Wapinzani walivunjika moyo walipoona mpira wa Mhispania uko nyuma ya mti, kisha baada ya mikwaju miwili uko ndani ya shimo.

Sasa ugonjwa. Maumivu yalianza kwenye kidole cha mguu. Alifanyiwa upasuaji, lakini maumivu hayakuisha. Yalisambaa hadi miguu yote miwili ikawa inauma. Msimu wa 1995 aliucheza kwa kuchechemea, na mwezi Septemba alijitoa kwenye kikosi cha Ulaya cha Kombe la Ryder kilichokuwa kinakwenda Oak Hill, New York. Nafasi yake alipewa Woosnam. Baada ya hapo akapotea uwanjani. Mwaka mzima wa 1996 hakucheza shindano hata moja.

Jibu aliloletewa na madaktari lilikuwa baridi yabisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vyake yenyewe. Kwa mchezaji wa miaka 29 au 30 jibu hilo ni kama hukumu. Baridi yabisi hutulizwa, haifutwi. Olazábal amesimulia mwenyewe kwamba alifika mahali pa kuamini maisha yake yangeishia kwenye kiti cha magurudumu. Gofu haikuwa hata tena sehemu ya maswali yake.

Ni rahisi leo kuwacheka madaktari wale, na mimi sitafanya hivyo, kwa kuwa tafsiri yao ilikuwa na mantiki yake. Fikiria ulivyo ushahidi uliokuwa mezani. Mgonjwa ni mcheza gofu, mtu anayetembea kilomita nane hadi kumi kwa raundi, siku nne mfululizo, wiki baada ya wiki. Anasema miguu inauma. Ukiibonyeza, anashtuka. Kidole kimeshapasuliwa na hakijatulia. Maumivu yako pande zote mbili, na ugonjwa wa viungo hupenda kushika pande zote mbili. Kila alama inaelekeza chini, kwenye miguu. Nani angesema, hebu geuka nikuangalie mgongo?

Hapo ndipo kosa lilipojificha. Mwili huhisi maumivu mahali mshipa wa fahamu unapoishia, hata kama mshipa wenyewe umebanwa kwingine kabisa. Mishipa inayohudumia unyayo, kisigino na vidole hutoka chini kabisa ya uti wa mgongo, hupita matakoni, nyuma ya paja, kwenye muundi, ndipo ifike mguuni. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kama mto mdogo wenye ute ndani na ukuta mgumu nje. Ukuta ukipasuka, ute husukumwa nje na kukandamiza mshipa pale pale unapotoka. Mgongo wenyewe unaweza usiume sana. Kinachowaka ni mguu.

Nina shangazi aliyepakwa dawa ya kuchua gotini karibu mwaka mzima. Tulinunua kila aina ya chupa. Siku moja muuguzi katika zahanati fulani alimwambia alale chali kitandani, akamshika kisigino na kuuinua mguu taratibu ukiwa umenyooka. Haukufika hata nusu ya njia. Shangazi alipiga kelele na kushika kiuno. Kiuno, siyo goti. Muuguzi hakutumia mashine yoyote. Alibadilisha tu mahali pa kuangalia. Tangu siku ile, nikisoma habari za Olazábal, kile kisigino kwenye kiganja cha muuguzi hunijia kila mara.

Kwa mcheza gofu kuna sababu ya ziada ya kuushuku mgongo. Mpigo wa gofu ni mwili kujisokota na kujisokotoa kwa ghafla: nyonga zinageuka, mabega yanageuka zaidi, na kiuno ndicho kinachobaki katikati kikibeba tofauti yao. Rudia hilo mara mia tatu au mia nne kwa siku tangu utotoni. Wachezaji wengi wa kulipwa huumwa mgongo. Ndiyo ajali ya kazi yenyewe, kama macho ya fundi cherehani.

Aliyegeuza mambo alikuwa Hans-Wilhelm Müller-Wohlfahrt wa München, daktari wa timu ya mpira ya Bayern München na ya timu ya taifa ya Ujerumani. Olazábal alifika kwake mwaka 1996, baada ya kupita kwa wengine. Müller-Wohlfahrt alikuwa amezoea wanamichezo ambao misuli ya paja inauma kwa sababu ya mgongo. Kwake njia ya kutoka kiunoni hadi mguuni ilikuwa ya kila siku. Alimpima na kusema tatizo liko chini ya uti wa mgongo: diski imetokeza na inabana mishipa. Kilichotakiwa ni kutibu mgongo, na mgongo ulitibika.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo, kwa kuwa simulizi nyingi hukimbilia viwanja. Kilichobadilika siku ile München hakikuwa mwili wa Olazábal. Maumivu yalikuwa yaleyale asubuhi na jioni. Kilichobadilika ni jina la ugonjwa, na jina ndilo lililoamua dawa. Miezi ya nyuma alikuwa na ujasiri uleule, familia ileile, meneja na marafiki walewale waliomsimamia. Ujasiri ulikuwepo tele na bado alitambaa. Kwa hiyo nikisikia watu wakisema alipona kwa sababu hakukata tamaa, nasita. Kuna wengi ambao hawakukata tamaa na hawakupona, kwa sababu hawakubahatika kukutana na mtu wa kuwaangalia upya. Kutokata tamaa kulimfikisha tu mlangoni kwa daktari mwingine, na hilo si jambo dogo, lakini tiba ilitoka kwa aliyefungua mlango.

Alianza kutembea. Kisha akaanza kupiga mipira. Mwishoni mwa Februari 1997, karibu mwaka mmoja na nusu tangu aache, alirudi mashindanoni huko Dubai, kwenye uwanja wa Emirates, akamaliza katika nafasi ya 12 pamoja na wengine. Mwezi Machi, katika shindano lake la tatu tu, alishinda Open ya visiwa vya Canary huko Maspalomas. Mwaka uliofuata angerudi Dubai na kulitwaa shindano lile la kwanza.

Shindano la tatu! Mtu aliyekaa nje miezi kumi na minane hatakiwi kushinda shindano la tatu. Mkimbiaji akikaa nje muda huo, mapafu yanahitaji mwaka. Bondia, labda zaidi. Hapa ndipo sababu yangu ya pili inapoingia.

Mchezo wa Olazábal ulikuwa na sura mbili zisizofanana kabisa. Mpigo wake wa kwanza, ule wa fimbo ndefu, ulikuwa udhaifu wake maisha yote. Mpira ulikwenda kushoto, ulikwenda kulia, uliingia msituni. Alihangaika nao kabla ya ugonjwa na baada ya ugonjwa, akabadilisha fimbo na makocha, haukunyooka. Lakini mpe fimbo ya chuma akiwa mita 150 kutoka kwenye bendera, au mwache kando ya grini kwenye majani yaliyolala, na hapo ulimwengu mzima haukuwa na watu watano wa kumfikia. Sehemu hii ya mchezo haikai kwenye misuli mikubwa. Inakaa kwenye vidole, kwenye macho, kwenye kumbukumbu ya namna mpira unavyodunda. Haiozi kwa kulala kitandani mwaka mmoja. Aliyejifunza kuogelea baharini utotoni hasahau, na aliyejifunza grini kwa baba yake naye hivyohivyo.

Mchezaji aliyejengwa juu ya nguvu angerudi nusu. Olazábal alirudi na kile alichokuwa nacho zaidi ya wenzake, na kile alichokosa hakuwa nacho hata awali.

Septemba 1997 Kombe la Ryder lilichezwa Valderrama, kusini mwa Hispania, mara ya kwanza kwa kombe hilo kuchezwa katika bara la Ulaya nje ya visiwa vya Uingereza. Nahodha alikuwa Ballesteros. Asubuhi ya kwanza Olazábal alipangwa na Mwitaliano Costantino Rocca, wakawafunga Davis Love III na Phil Mickelson. Ulaya ilishinda kwa pointi 14½ kwa 13½. Kwenye mkutano na waandishi baada ya ushindi, alipoanza kueleza alikuwa wapi mwaka mmoja kabla, maneno yalikwama, akalia mbele ya wenzake wote.

Augusta 1999. Hii nitaikalia.

Uwanja ule, usipoujua, unadanganya. Ukiutazama kwenye televisheni ni maua na nyasi zilizochanwa kama nywele. Kwa mchezaji ni vilima, na grini zake zina miinuko na miteremko kiasi kwamba mpira uliotua mita mbili mahali pasipo sahihi unaweza kurudi nyuma mita kumi na tano. Anayeshinda pale ni yule anayejua mahali pa kukosea. Tena kwa miaka mingi uwanja ulikuwa na majani mafupi karibu kila mahali, hivyo mpigo wa kwanza uliopotoka haukuadhibiwa sana. Mwaka 1999 ndipo walipoanza kuyaacha majani ya pembeni yarefuke kidogo. Wengi walidhani hilo litawaumiza wapigaji wasionyooka, na Olazábal alikuwa kwenye orodha hiyo. Wala hakufika akiwa na makali. Gary Player wa Afrika Kusini, bingwa mara tatu pale, alizungumza naye wiki hiyo na kumsisitizia ajiamini.

Raundi ya kwanza alipiga 70, ya pili 66. Ya tatu, siku ya upepo na grini ngumu, 73. Asubuhi ya Jumapili tarehe 11 Aprili alikuwa mbele kwa mkwaju mmoja, na aliyemfuata, ambaye angetembea naye siku nzima, alikuwa Mwaustralia Greg Norman.

Hakuna mwandishi wa hadithi ambaye angethubutu kupanga jozi hii. Norman alikuwa na miaka 44, naye ametoka kwenye upasuaji wa bega mwaka uliotangulia. Aprili 1996, wakati Olazábal hakanyagi chini, Norman aliingia siku ya mwisho Augusta akiwa mbele kwa mikwaju sita na akapoteza yote kwa Nick Faldo. Watazamaji wengi siku hiyo ya 1999 walikuwa upande wa Norman, na siwalaumu. Wote wawili walikuwa wamerudi kutoka mbali.

Olazábal alianza vibaya. Shimo la tatu alipoteza mkwaju. La nne, akapoteza. La tano, akapoteza. Mashimo matatu mfululizo, na uongozi wote ukawa umeyeyuka. Ningependa vijana wanaocheza waitazame sehemu hii kuliko ile ya koti. Hakubadilisha kitu. Hakuvuta fimbo kubwa ili kulipiza. Shimo la sita, fupi, lililo bondeni, alirudisha mkwaju mmoja. La kumi akarudisha mwingine.

Shimo la 13 ni la mikwaju mitano, linapinda kushoto, na mbele ya grini kuna kijito. Norman alifika kwenye grini kwa mikwaju miwili, kisha akatia mpira wa mbali shimoni: mikwaju mitatu, miwili chini ya kiwango. Kelele zilipasua miti. Kwa dakika chache Norman alikuwa mbele. Olazábal alikuwa na mpira wake umbali wa mita sita hivi, na akikosa anaondoka pale akiwa nyuma, mbele ya umati ambao tayari umeshamchagua mshindi wake.

Alisubiri kelele zitulie. Aliinama, akaangalia mstari, akasukuma. Mpira ukazama.

Wakawa sawa. Norman alimwangalia na kumnyooshea kidole, na wote wawili wakatabasamu, watu wazima wawili wanaojua jambo ambalo umati haukulijua. Napenda sekunde zile kuliko sherehe yote iliyofuata.

Norman alipoteza mkwaju shimo la 14, akapoteza mwingine la 15. Mbele yao Davis Love III alikuwa ametia mpira shimoni kutoka nje ya grini ya 16, mpira uliopanda mteremko, ukasita, ukarudi taratibu hadi ukaanguka. Olazábal alifika shimo hilohilo la 16, akapiga fimbo ya chuma, na mpira ukatua na kutambaa hadi karibu mita moja kutoka kwenye bendera. Alitia. Sasa alikuwa mbele kwa miwili, na ndivyo alivyomaliza: 280 kwa 282 za Love. Norman alikuwa wa tatu.

Ukihesabu siku ile utaona nilichosema kuhusu mikono. Hakumshinda mtu kwa umbali. Alishinda kwa mpira wa mita sita wa shimo la 13, kwa chuma cha shimo la 16, na kwa kuokoa viwango pale mpira ulipokuwa umekaa vibaya. Mambo yote ambayo kitanda cha Hondarribia hakikuweza kumnyang'anya. Katika chumba cha kukabidhiwa koti alikaa na kijana wa Kihispania wa miaka 19, Sergio García, ambaye alikuwa amemaliza kama mchezaji bora wa ridhaa wa mashindano yale. Mwaka 2017 García naye angelivaa koti hilo, siku ambayo Ballesteros angetimiza miaka 60, na angesema kwamba Olazábal alimwandikia ujumbe wa kumtia moyo wiki hiyo.

Hapa ndipo wasimuliaji wengi hukomea, na mimi siwezi, kwa kuwa kisa hakikuwa kisafi hivyo. Miezi miwili tu baada ya Augusta, kwenye US Open ya Pinehurst, alipiga 75 siku ya kwanza, akarudi hotelini, akaupiga ukuta ngumi kwa hasira na kuvunja mfupa wa mkono. Mikono ileile ninayoisifu. Alijitoa kwenye mashindano. Septemba mwaka huohuo, kwenye Kombe la Ryder huko Brookline, Marekani, alikuwa mbele ya Mmarekani Justin Leonard kwa mashimo manne, akaupoteza uongozi wote, kisha shimo la 17 Leonard akatia mpira wa mita 13 hivi na Wamarekani wakaimiminikia grini wakisherehekea, ilhali Olazábal alikuwa bado hajapiga wake. Aliusubiri uwanja ufunguke, akakosa, akalichukua shimo la mwisho na kupata sare, na kombe likawa limeshakwenda.

Na miaka kumi baadaye maumivu ya viungo yalirudi, safari hii kweli ya baridi yabisi, yakamweka nje kwa vipindi virefu. Habari hii inanitatiza, na sitaki kuifunika. Je, madaktari wa mwanzo walikuwa wameona kivuli cha kitu kilichokuwepo kweli? Inawezekana mwili mmoja ukawa na mambo mawili, na moja likamficha mwenzake. Kinachobaki bila shaka ni kwamba mwaka 1996 kilichomlaza kilikuwa kinatibika, na alitibiwa kama mtu mwenye kisichotibika. Hata kama jibu la kwanza lilikuwa na chembe ya ukweli, lilifunga mlango mapema mno. Ndiyo maana nasema kisa hiki ni cha swali la pili zaidi ya kilivyo kisa cha majibu.

Ballesteros alifariki tarehe 7 Mei 2011 kwa uvimbe wa ubongo. Mwaka uliofuata Olazábal aliiongoza Ulaya kama nahodha wa Kombe la Ryder huko Medinah, nje kidogo ya Chicago. Jumamosi jioni walikuwa nyuma kwa pointi 10 kwa 6. Jumapili wachezaji wake walivaa rangi za Seve, buluu iliyokolea na nyeupe, wakapata pointi nane na nusu kati ya kumi na mbili na kulibakiza kombe. Nahodha aliinua macho juu, akalia, kama alivyolia Valderrama.

Alishinda mara 23 katika ziara ya Ulaya, yaani mfululizo wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa, na mara sita katika ile ya Marekani. Ni nyingi. Lakini takwimu ninayoishika mimi ni nyingine. Aprili 2021, akiwa na miaka 55, alirudi Augusta kama wafanyavyo mabingwa wa zamani. Vijana walimwacha mbali kwa kila mpigo wa kwanza. Pale wao walipotumia fimbo fupi kufika kwenye grini, yeye alitoa ndefu. Alipita mchujo na kucheza siku zote nne. Ule uwanja ni wa vilima, na mashindanoni hakuna kigari cha kumbeba mchezaji. Alitembea mashimo yote 72 kwa miguu yake.